Mgomba chotara huzaliwa maabara au shambani? Nataka Nshakala ya mama isitupotee

Kibanja_Muleba ameandika:

Wakuu, salaam. Naomba mnivumilie niandike kwa kirefu, jambo hili limenikaa kooni muda mrefu.

Nipo Muleba, Kagera. Kibanja chetu ni cha mama, nusu eka na ushee, kimeizunguka nyumba kama vibanja vingine vya huku: migomba juu, mibuni chini yake, maharage katikati. Mgomba wa mama ni Nshakala. Ndiyo anayompikia mgeni, ndiyo iliyopikwa siku ya msiba wa baba. Sasa miaka hii majani yake yanaungua kuanzia chini, inaanza mistari myeusi kisha jani zima linakauka. Mgomba unafika siku ya kuvuna ukiwa na majani matatu au manne, vidole vyembamba kama vya mtoto. Na fukusi wanatoboa tunguu, upepo kidogo tu mgomba uko chini na mkungu wake.

Upande wa bondeni kuna FHIA-17, aina ya mgomba iliyoboreshwa, ambazo baba alizipata kwenye KCDP, mradi wa maendeleo wa Kagera, ile miche iliyoletwa kutoka Ubelgiji mwishoni mwa miaka ya 1990. Mkungu wake lazima uwekewe nguzo mbili. Majani yanabaki ya kijani mpaka unavuna. Lakini mama hajawahi kumwekea mgeni mezani. Anasema, "Hiki si kitoke, hiki ni ndizi," yaani si cha kupika, ni cha kuivisha. Anaziacha ziive, watoto wanakula.

Nikawa nawaza: kwa nini zisichanganywe? Utamu wa Nshakala, afya ya FHIA. Mwaka juzi akapita muuzaji na pikapu, miche mizuri ya kijani kwenye viriba, anasema ni "Nshakala chotara ya tishu, imetengenezwa maabara". Shilingi 2,500 mche mmoja. Nikachukua 40, laki moja taslimu. Kiangazi kikaua 26. Zile 14 zilizobaki zimezaa mwaka huu: ndizi ndefu zilizopinda, za kuivisha, hazina undugu wowote na Nshakala. Mama alisimama akaziangalia, hakusema neno, akarudi ndani. Hilo liliniuma kuliko ile laki.

Maswali yangu ni haya. Maabara inaweza kweli kuunganisha migomba miwili ikapatikana mmoja? Na mimi mwenyewe naweza kufanya? Nimeona video za watu wanaotumia jiko la presha na chupa za jemu. Kama haiwezekani, niende wapi nisidanganywe tena?

---

Jembe_Halisi amejibu:

Mkuu, pole sana kwa hasara. Ushauri wangu ni mfupi: achana na vitu vya chupani. Hizo ni GMO, mbegu zilizochezewa jeni, zimebadilishwa jina tu. Wazee wetu walikula Nshakala bila maabara na walifika miaka 90. Tukiruhusu kila kinachokuja na pikapu, wajukuu wetu hawatajua kitoke ni nini. Baki na mbegu ya mama yako, weka samadi.

---

Mama_Chavua amejibu:

Mwanangu wa Muleba, swali lako nimelisoma mara mbili. Nimefanya kazi ya kuchavusha migomba, na baadaye kazi ya maabara, kwa miaka 11 kwenye kituo cha utafiti huku kaskazini. Sasa nimestaafu, nina migomba yangu nyuma ya nyumba. Nitakujibu kwa yale niliyoyashika kwa mikono hii.

Huyo wa pikapu alikudanganya mara mbili. Alikuuzia mche ambao siyo, na akakuambia chotara hutengenezwa chupani. Chupa haichanganyi kitu, chupa inanakili. Weka ncha ya chipukizi la Nshakala, utatoa Nshakala mia, utatoa elfu, zote zina utamu uleule na zote zitaungua majani vilevile. Weka ndizi ya kuivisha, utapata za kuivisha, kama ulivyopata. Tishu ni njia ya kuzidisha mche. Chotara ni ukoo wa mche. FHIA-17 ya marehemu baba yako ni chotara, na leo unaizidisha kwa jembe tu. Nshakala ya chupani haiwi chotara kwa sababu imepita kwenye chupa.

Chotara huzaliwa juu ya ngazi, saa moja asubuhi.

Mgomba ukishatoa ua, kila siku gamba moja jekundu linajikunja na kufunua chane moja ya maua ya kike. Nafasi yako ni asubuhi hiyo, kati ya saa moja na saa nne. Mkungu tumeshauvika mfuko mapema ili nyuki na popo wasituletee chavua ya jirani. Unapanda ngazi, unafungua mfuko, unashika ua la kiume ulilolichuma kwa mgomba wa baba, unalisugua taratibu kwenye kila ua la kike, unafunga. Kesho unarudi kwa chane inayofuata. Inakuwa wiki nzima hivyo, mvua inyeshe isinyeshe. Mwisho unaning'iniza kibao: mama ni nani, baba ni nani, tarehe, na nani kachavusha. Khanga zangu zote za miaka ile zina madoa ya utomvu, hayatoki, na wala sijataka yatoke.

Kisha unasubiri miezi mitatu, wakati mwingine minne. Mkungu unavunwa, unaivishwa stoo, unapondwa kwenye beseni, na unapitisha vidole kwenye ule uji ukitafuta kitu kigumu. Mbegu ya ndizi ni nyeusi, ngumu, ukubwa wa punje ya pilipili manga. Kwa migomba ya jamii ya Nshakala, mikungu mingi hutapata hata punje moja. Ndizi tunazokula zina seti tatu za kromosomu, 33 kwa jumla, na seti tatu hazigawanyiki sawa kwa wawili. Ndiyo sababu tunda lake halina mbegu, tunalimenya na kulila bila kutema kitu. Kinachotufaa mezani ndicho kinachomtesa mchavushaji.

Ukishaipata mbegu, usiipande kwenye udongo. Nyingi hazina chakula cha kutosha ndani, kiinitete kinakufa kabla hakijatoboa ganda, na katika mia utashukuru ukiona mbili au tatu zimeota. Hapa ndipo maabara inapoingia, na hapa ndipo nilipoipenda kazi.

Tunaziloweka mbegu siku kadhaa, tunazisafisha kwa spiriti na dawa ya klorini, tunaingia nazo kwenye kabati la hewa safi. Chini ya hadubini unapasua mbegu kwa kisu chembamba. Ndani kuna kitu cheupe, umbo la uyoga, urefu wa milimita moja au mbili. Hicho ndicho kiinitete. Unakiinua kwa ncha ya kisu bila kupumua juu yake na kukilaza kwenye jeli yenye sukari, chumvi za madini na vitamini, yaani chakula ambacho mbegu ilishindwa kumpa. Chupa inakaa gizani mpaka kichipue, ndipo inahamia kwenye mwanga. Kuokoa kiinitete ni hivyo tu. Hakuna jeni iliyochomekwa, hakuna kilichoongezwa kwenye damu yake. Ndugu Jembe_Halisi, hofu yako naielewa na hata mimi sipendi mbegu zetu zipotee, lakini huyo aliyemo chupani ana mama na baba kama mahindi yoyote yaliyopata chavua ya shamba la pili. Ni sawa na mtoto njiti anayewekwa kwenye mashine ya joto. Mashine haikumzaa.

Nikusimulie mmoja. Tulikuwa na mgomba mama ambao tuliuchavusha msimu hadi msimu bila kupata kitu. Nilipondaponda mikungu yake hadi wenzangu wakaacha kuniuliza. Siku moja vidole vikagusa kitu, mbegu tatu kwenye mkungu mmoja. Moja ilikuwa tupu ndani. Moja kiinitete kilikuwa kahawia, kimekufa. Ya tatu ilikuwa nyeupe safi. Nikakilaza chupani Ijumaa. Jumapili nikitoka kanisani nikapitia maabara, nikaona chupa ya jirani yake imeanza ukungu mweupe kama pamba. Nilivaa koti juu ya nguo za kanisani na kukihamishia chupa nyingine siku hiyohiyo. Kikachipua wiki ya nne. Tukakizidisha, tukakitoa kwenye kivuli cha kitalu, kikapandwa shambani na mama yake mstari wa pili ili walinganishwe.

Mwanangu, mgomba ule ulikuwa mzuri. Majani manane siku ya kuvuna wakati mama yake alikuwa na matatu. Mkungu mzito. Nilikuwa nikipita pale nagusa shina.

Halafu ikaja siku ya kuonja. Walialikwa akina mama na wazee kutoka vijijini, sahani zina namba tu, hakuna jina. Ndizi zake zilipotoka jikoni zilikuwa za njano, nikafurahi. Zilipopoa zikakakamaa na kupauka. Bibi mmoja alikata kipande cha pili, akakibonyeza kwa kidole gumba, akaisogeza sahani pembeni. Wengi walifanya kama yeye. Miaka sita tangu ile mbegu, na mgomba ule ukafutwa kwenye orodha. Nilitoka nje nikalia nyuma ya stoo. Lakini yule bibi alisema kweli, na mama yako anasema kweli juu ya FHIA-17. Mtu anayekula kitoke kila siku anajua kitu ambacho mizani haipimi.

Ndiyo sababu jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, migomba miwili inaunganishwa, lakini si kwa kuchagua tabia mbili kama unavyochagua vitambaa dukani. Kazi iliyofanyika Uganda inaonyesha njia ilivyo ndefu. Walichukua migomba ya matoke inayokubali kidogo kutoa mbegu, kama Entukura na Nakawere, wakaichavusha kwa mgomba mwitu wa Asia uitwao Calcutta 4. Calcutta 4 hailiki, kidole chake kimejaa mbegu tu, lakini ugonjwa wa majani hauigusi. Mama akatoa kromosomu zake zote 33, baba akatoa 11, watoto wakawa na 44. Hao nao si wa kupika. Wakawachukua watoto hao wakawaoza kwa baba wengine walioboreshwa, wenye 22. Safari hii mama akatoa 22 na baba 11, ikarudi 33, ndizi isiyo na mbegu. Hatua mbili za ndoa, na katikati yake maelfu ya maua yaliyosuguliwa na watu wasiojulikana majina. Wajukuu hao ndio wanaoitwa NARITA, jina lililounganishwa kutoka NARO, shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, na IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki. Waliochaguliwa mpaka mwisho walikuwa 27. Mmoja wa ukoo huo, Kiwangaazi, uliruhusiwa kwa wakulima wa Uganda mwaka 2010. Kwetu TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania, walizijaribu na mwaka 2021 zikatoka aina nne, TARIBAN 1 hadi 4.

Nenda TARI Maruku, kwako si mbali. Uliza TARIBAN, uliza uonje kabla ya kununua, na umchukue mama. Usinunue mche wowote barabarani. Muuzaji halali atakuonyesha kibali cha TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu, na atakutajia jina kamili la aina, hatasema "chotara ya tishu" akaishia hapo.

---

Shamba_la_Maragua amejibu:

Hamjambo ndugu zangu wa Bongo. Mimi niko Murang'a, Kenya. Mama ameeleza vizuri sana, niongeze kidogo upande wa kuchanganya majina. Huku kwetu ndizi za tissue culture, tunaita tu "tisu", zilianza kusambazwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na nyingi ni Grand Nain na Williams. Hizo si chotara kabisa. Ni ndizi za kuivisha za zamani, zimezidishwa kwa chupa zikatoka bila fukusi na bila minyoo ya mizizi. Wakulima wengi huku wanaziita "hybrid" kwa sababu zinatoka ofisini na zina bei. Nadhani huyo jamaa wa pikapu alikuuzia Grand Nain, ukisema ni ndefu na zimepinda.

Halafu ile 26 kufa, usiwe na majuto sana kaka. Mche wa tisu hauna tunguu la kujishikiza kama chipukizi. Ni kama mtoto hana akiba. Zangu za kwanza zilikufa nusu. Mara ya pili nilipanda mwanzo wa mvua ndefu, shimo futi mbili kila upande, samadi ndoo mbili, matandazo mazito ya nyasi, na kila mche lita kumi za maji mara mbili kwa wiki mvua ikikatika. Zilikufa tatu kati ya mia.

---

Fundi_wa_Presha amejibu:

Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa kilimo mwaka wa pili. Hilo la jiko la presha na chupa za jemu nalifanyia majaribio chumbani. Chupa zangu sita kati ya kumi zinaota ukungu ndani ya siku tano, na ncha za migomba zinageuka nyeusi. Nakosea wapi? Na je, ndugu wa Muleba anaweza kuzidisha Nshakala yake nyumbani hata kama hawezi kupata chotara?

---

Mama_Chavua amejibu:

Marahaba mwanangu. Jiko la presha halina kosa. Kinachotakiwa ni joto la nyuzi 121 kwa dakika 15 hadi 20, na jiko zuri linafika. Ukungu unaingia baadaye, wakati kifuniko kiko wazi. Chumba chako kina vumbi, feni, godoro, na wewe unapumua. Tafuta sanduku la kioo au plastiki lenye matundu mawili ya mikono, lifute kwa spiriti asilimia 70, funga madirisha, choma kisu kwenye moto kila baada ya mkato mmoja. Halafu angalia unakotoa chipukizi. Likitoka kwenye shina lenye matope na fukusi, hata kabati la mamilioni halitakuokoa. Osha, menya maganda ya nje mpaka ubaki na kipande cha sentimita chache, kisafishe kwa klorini, menya tena.

Weusi ni utomvu wa mgomba wenyewe ukikutana na hewa. Loweka vipande kwenye maji yaliyochemshwa yenye vitamini C kidogo, kata haraka, na hamishia kwenye jeli mpya baada ya siku chache za mwanzo usisubiri mwezi. Jeli yako pia ipime uchachu, yaani pH, iwe 5.8. Ikizidi tindikali haigandi.

Jambo moja sitaki ulisahau. Usizunguke na ncha moja chupa hadi chupa mwaka mzima kwa sababu inazaa vizuri. Sisi tulikuwa tukifika mzunguko wa nane hadi wa kumi tunaacha na kurudi shambani kuchukua mpya. Ukizidisha hapo wanaanza kutokea waliogeuka: vibete, majani yenye mabaka, mikungu isiyofunguka. Mkulima hawezi kuona hilo kwenye kiriba. Ataona baada ya mwaka, na atakuwa ameshalipa.

Na chupa haiui virusi. Ndugu zetu wa Burundi na Kongo wana ule ugonjwa wa majani kusimama kishada juu, na ukichukua ncha kutoka kwenye mgomba ulioambukizwa utazidisha ugonjwa mara elfu, ukiwa kwenye chupa safi inayong'aa. Maabara zinazojiheshimu zinapima mgomba mama kwanza.

Kwa Kibanja_Muleba, kuzidisha Nshakala hakuhitaji chupa. Chukua tunguu la chipukizi lenye afya, menya mizizi yote na sehemu zilizotobolewa, ondoa maganda moja moja mpaka macho yaonekane, chimbua ncha ya katikati na uikate msalaba kwa kisu. Lifukie kwenye maranda ya mbao yaliyochemshwa, kwenye kitalu kilichofunikwa nailoni, mwagilia. Tunguu moja linaweza kukupa miche kumi na zaidi ndani ya miezi minne. Visu vyote vipite kwenye moto au jiki kati ya tunguu na tunguu. Muleba mnaujua mnyauko wa bakteria tangu mwaka 2006, sihitaji kukueleza. Nikuambie tu kwamba hata hizo TARIBAN hazina kinga dhidi ya mnyauko. Zinastahimili ugonjwa wa majani. Kuvunja ua la kiume kwa mti wenye panda na kung'oa shina lililougua kunabaki palepale.

---

Jembe_Halisi amejibu:

Mama, nimekuelewa na nashukuru hukunijibu kwa ukali. Sikujua kama kuna chavua na ngazi katikati. Swali langu ni moja. Hizi zikiingia kila kibanja, Nshakala zenyewe zitabaki wapi?

---

Mama_Chavua amejibu:

Swali lako ni zito na ndilo lililonifanya nikae kazini nilipotaka kuacha. Kuna ghala la migomba huko Leuven, Ubelgiji, limehifadhi aina zaidi ya 1,500 ndani ya chupa ndogo, nyingi pia zimegandishwa kwenye baridi kali. Vituo vyetu navyo vina mashamba ya aina za asili. Lakini mgomba ulio chupani Ulaya haujui kupikwa. Mimi naamini kila anayepanda TARIBAN aziache angalau mashina matano ya mbegu ya nyumbani, karibu na jiko, ambako zitapata maganda na majivu. Bila mama hakuna chotara. Ile Entukura ilipatikana kwa sababu kuna nyumba ilikuwa bado inaipanda.

---

Kibanja_Muleba ameandika:

Kasinge waitu mama. Nimemsomea mama yangu majibu yako yote jana usiku, nikitafsiri pale penye maneno ya maabara. Nilipofika kwa yule bibi aliyesogeza sahani alicheka sana na kusema huyo bibi angekuwa rafiki yake.

Leo asubuhi ameniamsha mapema tukazunguka kibanja pamoja, tukihesabu majani. Nshakala nyingi zina majani manne hadi sita zikiwa na mkungu. Shina moja lina tisa, na mkungu wake unakaribia kukomaa. Liko nyuma ya jiko. Mama anasema shina hilo lilitoka kwa bibi, mama wa baba, Kamachumu, na hajawahi kulihamisha. Nimelifunga kitambaa chekundu. Je, hilo lina maana yoyote, au najipa moyo? Maruku tutakwenda Jumatano, yeye na mimi.

---

Mama_Chavua amejibu:

Tisa ni mengi. Lakini umesema liko nyuma ya jiko, na shina la nyuma ya jiko hula majivu, maganda na maji ya vyombo kila siku. Inawezekana ni shibe tu. Mkungu ukishavunwa chukua machipukizi sime, yale yenye majani membamba kama sime, matatu ya shina hilo, na matatu ya Nshakala ya kawaida. Yamenye na uyachovye kwenye maji ya moto yanayochemka kwa sekunde 30 ili kuua mayai ya fukusi na minyoo. Yapande bondeni, mbali na jiko, yakiwa yamechanganyika mstari mmoja, mashimo sawa, samadi sawa. Andika kibao kila shina. Siku yatakapotoa ua hesabu majani, na hesabu tena siku ya kuvuna. Yakitofautiana hapo, niandikie, nami nitakuelekeza pa kulipeleka.

Na mwambie mama yako asilitoe kitambaa.